Mkono wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alianguka akimfukuza mbuzi. Mbuzi alikuwa ameivamia michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kuanikwa juani. Mama akamkimbilia na fimbo, akajikwaa, akatua chini kwa kiganja. Mbuzi akaondoka mdomo umejaa. Mama akaletwa kwa pikipiki kwenye zahanati yetu, upande wa Samuye, ameushika mkono wake wa kulia kama mtu aliyebeba yai.

Tabibu wa zahanati hiyo ni mimi, na siku hiyo nesi alikuwa amekwenda mjini. Hapo ndipo pagumu. Mimi ni mtu wa kuja, nimeoa Usukumani, na nilishafundishwa mapema kwamba mama mkwe hapewi mkono. Unamsalimia kwa mbali, umeinamisha macho, basi. Tangu nioe sikuwahi hata kupokea kikombe kutoka mkononi mwake.

Aliponiona mlangoni akageukia ukutani.

"Shikamoo, mama," nikausalimia mgongo wake.

"Marahaba," akaujibu ukuta.

Nikampigia simu mke wangu. Akaja anahema, unga umemganda vidoleni. Nikajisimamisha nyuma ya pazia na kuanza kupima mkono nisioweza kuugusa.

"Mwambie akunje vidole."

"Mayu," akamwita mama yake kwa Kisukuma, "kunja vidole."

"Amekunja?"

"Amekunja. Na amenuna."

"Sasa anyanyue dole gumba. Hapo nyuma yake, kwenye kifundo cha mkono, patatokea kishimo. Bonyeza humo."

"Kishimo kipi?"

Nilieleza kano za dole gumba nikachoka. Mwisho nikasema, "Pale watu wanapowekea ugoro kabla ya kuunusa."

"Mama hatumii ugoro," mke wangu akasema, kwa sauti ya kusoma tangazo.

"Yaya!" mama akakana kwa Kisukuma. "Situmii!"

"Sijasema anatumia. Nimesema watu."

Nikasikia khanga ikifuta kitu. "Nimepaona," mke wangu akanong'ona. "Pana ugoro."

"Bonyeza hivyo hivyo."

Akabonyeza. Yowe lililotoka lilifika barabarani. Kwenye benchi la nje, mzee aliyekuja kwa kikohozi alisimama, akasema anajisikia nafuu, akaenda zake.

Mimi sikuhitaji zaidi; nikamwandikia rufaa ya hospitali ya mjini, apigwe picha. Chini ya kishimo hicho kuna mfupa mdogo, umbo kama korosho, na ndio huvunjika mtu akitua kwa kiganja. Damu huufikia kwa shida, kwa hiyo ukiupuuza unaweza usiunge kabisa. Mbaya zaidi, mara nyingi picha ya kwanza haionyeshi ufa.

Na kweli, eksirei ya hospitali ya mjini ilitoka safi. Daktari wa huko, kwa sababu ya maumivu ya pale kishimoni, alimfunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe, likameza na dole gumba lote. Mama akarudi nyumbani amefura. Kila jioni nililetewa salamu zake kupitia kwa mke wangu: mashine inasema mzima, mkwe anasema mgonjwa, je, mkwe amesomea kuliko mashine? Au kuna kosa mama alilomkosea mkwe, basi mkwe aliseme?

Usiku nilijiuliza kama nimefanya mtu mzima afungwe hogo bure.

Baada ya wiki mbili picha ilirudiwa. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele. Mama aliiomba ile picha, akaenda nayo kwenye kikundi cha akina mama, akaipitisha mkono kwa mkono kwenye mwanga wa jua. "Mashine haikuona," aliwaambia. "Mkwe wangu ameona, tena yuko nyuma ya pazia." Kuanzia hapo nikawa napata wagonjwa wanaoomba kupimwa kwa pazia.

Hogo lilikaa miezi kadhaa. Lilipofunguliwa, mkono ulikuwa umesinyaa, nikampa zoezi la kukamua kitambaa chenye maji. Siku ya kupima nguvu nilimwambia mke wangu ampe mama vidole viwili avibane.

"Mwambie asimhurumie mtu," nikasema nikiwa mahali pangu.

Safari hii aliyepiga yowe ni mke wangu. Mama akacheka, akachukua fimbo yake, akaenda kukamua ng'ombe. Ugali wa jioni ile niliusonga mimi.