Uzi Kutoka Tokyo hadi San Fransisko

Saa nne na dakika kumi asubuhi nilinyoosha uzi kwenye ramani ya ukutani, kutoka Tokyo, ukingo wa kulia, hadi San Fransisko, ukingo wa kushoto. Nikagawanya umbali kwa mwendo wa ndege. Dada yangu alikuwa hajasikia sauti ya mwanawe Lusekelo kwa miaka miwili; sasa kijana alikuwa ameahidi kupiga simu dukani akishuka San Fransisko.

“Ndege yake imeruka sasa hivi. Itafika baada ya saa ishirini na nne,” nilimwambia. “Leo kachume chai. Kesho ukasubiri simu dukani.”

Kesho yake mwenye duka alicheka. “Profesa,” aliniita kwa jina langu la utani, “kijana alishapiga jana jioni!”

Akachukua parachichi, akanionyesha jinsi ukingo wa kulia na wa kushoto wa ramani unavyokutana nyuma, njia fupi iliyopita ndege. Nililishika nikistaajabu: dunia haina ukingo!

Dada alikuwa analia. Nikampigia Lusekelo kwa namba aliyomwachia mwenye duka, dakika tatu: shilingi elfu kumi na mbili.