Mume Wangu Anajiita Mtafiti, Migomba ya Watu Inakufa

Admin, nifichie jina langu. Hapa Morogoro tunajuana, na mume wangu ni mfuasi wa ukurasa huu, tena yule wa kukomenti kila kitu kana kwamba amesomea kila kitu.

Nina miaka thelathini na sita, watoto wawili, shahada ya uzamili ya afya ya mimea, na nafanya kazi kwenye taasisi ya utafiti hapa mjini. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Misumari, mabati, rangi, hayo anayajua na kwa hayo namheshimu. Balaa lilianza alipogundua video za sayansi kwenye simu. Akawa anazitazama mchana kutwa, wateja wamesimama, mpaka jioni moja akaja kuniambia kwamba sasa yeye ni "mtafiti huru". Nikacheka. Nilidhani anatania.

Mama mkwe wangu yuko Matombo, analima migomba kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Mwaka jana majani yakaanza kugeuka njano na kuning'inia. Nilienda, nikakata shina moja, ndani nikakuta mistari ya kahawia. Ni mnyauko, ugonjwa unaokaa kwenye udongo. Nikamwambia, "Mama, iliyougua tuing'oe, na machipukizi ya hapa yasiende kwa mtu mwingine. Dawa ya kuuponya haipo." Aliyejibu ni mume wangu: "Haipo kwenu nyie wa kukariri."

Basi akapika yake. Majivu, pilipili, mwarobaini na mkojo wa ng'ombe, akakorogea kwenye ndoo za rangi na kumwagia shamba zima. Mvua zikanyesha, machipukizi yakatoka ya kijani, naye akajirekodi amekumbatia mgomba kama ndugu aliyepotea.

Nilimuuliza swali moja tu. "Migomba uliyoiacha bila dawa iko wapi, tulinganishe?"

"Niache mingine ife ili iweje?"

"Ili ujue kama ni dawa yako au ni mvua."

"Shida yako wivu. Umesoma miaka yote hiyo, umegundua nini?"

Jamani, simdharau mtu kwa kutosoma. Nimekutana na wakulima wa darasa la saba ambao wakikuuliza swali unarudi ofisini ukifikiri. Ninayemdharau ni mtu anayependa kuitwa mtafiti lakini hapendi kuulizwa. Huyo hapendi sayansi, anapenda makofi.

Na makofi aliyapata. Kigangoni, baada ya misa, alipewa nafasi ya kusema na watu. Wanamwita Profesa, naye anaitika bila hata aibu! Akawaambia wasing'oe mgomba hata mmoja, kisha akaanza kugawa machipukizi ya shamba la mama yake, eti ni "mbegu iliyopona". Nikasimama, mkwe mzima, nikasema, "Naomba msiyapande. Yana ugonjwa."

Mume wangu akatabasamu. "Tumsamehe mke wangu. Ugonjwa ukiisha, kazini kwake watakula nini?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, gari la wataalamu huwa linaishia barabara inapoharibika. Huyu tunaye hapa." Hilo liliniuma kwa sababu ni kweli. Wenzangu ofisini wanaandika kuhusu wakulima wa milimani huku viatu vyao havijawahi kuona tope la Matombo. Lakini uvivu wetu haugeuzi mkojo wa ng'ombe kuwa dawa.

Msimu huu nilipanda tena kwenda kumsalimia mama. Njiani nikapita kwa jirani yake, bibi mjane ambaye migomba yake ilikuwa safi kabisa kabla ya hayo machipukizi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ile dawa yenu naona kwangu imechelewa. Mwambie mumeo aniongezee kidogo."

Yenu! Nilitazama nyuma yake, shamba lote limelala njano. Bibi yule ndizi ndiyo chakula chake na ndiyo chumvi yake.

Nikampigia simu mume wangu apande, na alipofika nikakata shina la bibi mbele ya macho yake. Mistari ya kahawia ile ile. Akainama, akaitazama vizuri, akasema, "Hiyo ni dawa inafanya kazi kwa ndani."

Siku ile ndiyo heshima iliyokuwa imebaki iliniisha.

Sasa amepata meza kwenye maonesho ya wakulima yanayokuja. Watu watatoka mpaka Gairo. Na huyu anayesema shahada yangu ni karatasi tu, anataka nisimame pembeni yake nimevaa koti langu jeupe la maabara. "Usiongee chochote," ananiambia. "Wewe simama tu, watu wakuone." Tayari kwenye video anatangaza kwamba mke wake mtaalamu ameihakiki dawa. Nikikaa kimya, jina langu ndilo linalosambaza ugonjwa.

Nikitoa taarifa ofisini, watakuja kung'oa, na wataanzia shamba la mama mkwe, mama ambaye hajawahi kunikosea. Amenipigia simu analia: "Mwanangu, mume ni wa kusimama naye. Ukimwaibisha mbele za watu, kwangu usikanyage tena."

Usiku silali. Nawaza kwenda na koti langu, nisimame kwenye meza ile, na mkulima wa kwanza akiuliza kama dawa inaponya, nimjibu ukweli kwa sauti, mume wangu akiwa ameshika kipaza sauti. Ndoa itaisha pale pale, najua.

Ndugu zangu mnaosoma, wenye vyeti na msio navyo, ingekuwa ni dada yenu mngemwambia aende, au abaki nyumbani?