Damu ya Wageni Niliipima Muzuri

Nimekosa. Ninasema vile mbele ya yote, kusudi musitafute mwenye kosa fasi ingine. Shefu alisema yake, mashini ilikuwa mubaya, lakini mikono ilikuwa yangu.

Nilikuwa mwanamke wa labo, hapa Bunia. Kazi yangu ilikuwa kutoboa watu kidole, kuvuta damu, kupima. Jina langu nitabakia nalo. Ninasikia haya, na ninaogopa pia.

Mara kwa mara walikuwa wanatutumia machupa kidogo ya damu kutoka Kinshasa. Wenye kutuma wanajua jibu tayari. Siye tunapima, tunarudisha majibu yetu, nao wanaangalia kama tunajua kazi. Shefu alikuwa anaita ile machupa "wageni".

Sasa, mashini yetu ya kupima nguvu ya damu ilikuwa inadanganya. Mutu anaingia, viganja vyeupe, midomo myeupe, mashini inasema damu inatosha! Nilimwambia shefu. Akasema ingine itakuja, tuvumilie. Kisha wageni wakafika.

"Na hawa tunawafanya namna gani?" nikamuuliza.

Akacheka. "Weye, mugeni akikuja kwako, unamupa sahani ya kupasuka?"

Mimi pia nikacheka. Nikafunga machupa mu kitambaa, nikapanda moto, pikipiki ya kulipa, mpaka mutaa wa Mudzipela, kwa rafiki yangu mwenye alikuwa anatumika kwenye labo iko na mashini ya muzuri. Nilipima pole pole, nikarudilia. Kinshasa wakajibu kama tumefanya muzuri sana, wakatuma karatasi ya sifa, sertifika. Shefu akapigilia sertifika ku ukuta, pale wagonjwa wanakaa, tukakunywa soda. Nilijisikia mukubwa siku ile, Mungu anisamehe.

Wagonjwa wakaendelea na mashini ile ile.

Njo dada mumoja akakuja. Nitamwita Riziki, si jina lake. Alikuwa na mimba ya kwanza, karibu kuzaa. Alikuwa anakaa kwa mama yake hapa Bunia, bwana yake alikuwa Marabo kwa shamba.

"Dada, nibakie huku karibu na hopitali, ao nifuate bwana yangu?" akaniuliza. "Wanasema njia imetulia."

Ni kweli, watu walikuwa wanasema amani imerudia. Lakini ile njia ya Marabo, jua ikishuka, hakuna mutu alikuwa anaipita, kwa kuogopa watu wa bunduki.

Nilivuta jicho lake chini, nikaona ndani kuko kweupe. Niliona! Nikapima, mashini ikasema inatosha. Watu walikuwa wengi kwenye banc, wamekaa wanangojea zamu, nilikuwa nimechoka, na kumwambia mugonjwa kama mashini yetu ni mubaya, pale chini ya sertifika, haya ilinishika.

"Damu yako iko muzuri," nikamwambia. "Enda kwa bwana yako."

Akaangalia ukuta, akacheka kidogo. "Njo maana nilikuja hapa kwenu."

Alizalia Marabo, magaribi. Mutoto akatoka muzima. Mama akatoka damu, si ya kupita kiasi, waliniambia, lakini yeye hakuwa na ya kupoteza. Wakangojea kukuche kusudi wamulete Bunia. Akakufa mbele kukuche.

Nilienda kwa kilio. Nikalia na watu, nikakula chakula yao, nikarudia kazi bila kusema kitu.

Kisha mama yake akakuja labo na ule mutoto mu mugongo, iko na homa. Aliponiona akafurahi.

"Binti yangu, nilikuwa natafuta weye tu. Umupime vile ulipimaka mama yake."

Nilitoboa mutoto kisigino, nikatia damu mu kachupa, nikatoka mbio kupanda moto mpaka Mudzipela. Damu yake ilikuwa kidogo. Hopitali wakamuongezea, mpaka leo iko muzima. Lakini wale wengine walikuwa kwenye banc, nilirudia nikawapima na mashini yetu. Ata siku ile!

Wageni walipofika tena, niliwapima na mashini yetu, nikatuma namba vile zilitoka. Tukaanguka vibaya. Shefu akaondoa sertifika, akanifukuza. Ninasikia walipata mashini ya mupya.

Leo ninauza sombe, majani ya muhogo, ku soko. Yule mama ananunuaka kwangu, mutoto mu mugongo. Angali ananiita "munganga wetu", anauliza juu ya nini niliacha kazi ya muzuri vile. Ninamwambia nilichoka. Ningali ninamudanganya.

Weye mwenye uko labo, unasoma hii: ile machupa ikifika kwako, iweke mu foleni na damu ya mama zetu, ku mashini ile ile. Kama ni kuanguka, uanguke. Na mashini ikidanganya, mwambie mugonjwa, ata shefu akukasirikie. Mimi, Riziki aliniuliza mambo moja tu, na jibu ilikuwa neno moja: bakia. Nilikuwa nalo mu kinywa.