Kaburu wa Ukuta wa Ghala

Nakumbuka siku moja ya kipupwe, upepo wa Ufipa unapasua midomo, nimesimama mbele ya ghala la kijiji nikitazama picha niliyoichora ukutani na kujiona fundi kweli kweli. Cheka tu, mwanangu. Ujana una kiburi chake.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Kila jioni tulikusanyika kwenye redio ya kijiji kusikiliza habari za Afrika Kusini, jinsi watu weusi wanavyofukuzwa makwao na kupigwa risasi kwa sababu ya rangi yao tu. Niliumia sana. Bunduki sikuwa nayo. Nilikuwa na chokaa, masizi na udongo mwekundu. Katibu wa kijiji aliponiruhusu, nikamchora Kaburu: mkubwa kama mlango wa ghala, mweupe pe, pembe mbili, mdomo unadondosha damu. Watu walinisifu hadi nikavimba kichwa. Watoto wakipita kwenda shule walimrushia matope, nami nikafurahi, nikidhani nimewafundisha kuchukia dhuluma.

Basi siku hiyo akaja Bibi Felista, jirani yetu, amemshika mkono mjukuu wake Skola. Skola alizaliwa na ualbino; zamani tulikuwa na jina baya la kuwaita watu kama yeye, sitalitamka. Nikamwamkia bibi, "Shikamoo." Hakuitikia. Alimsogeza mtoto mbele yangu. Uso, shingo, mikono, kote alikuwa amejipaka masizi ya chungu.

"Muulize kwa nini," akasema bibi.

Skola akajibu mwenyewe, akitazama miguu yake: "Wananiita Kaburu. Wananitupia matope. Nimejipaka ili nirudi shule."

Mwanangu, nililia pale pale, na ndevu zangu.

"Ulitaka kuchora ubaya, ukachora ngozi," bibi akaniambia, taratibu tu, bila kunifokea. "Sasa wewe na hao makaburu wa redioni mmepishana nini?"

Nikaomba radhi, kwanza kwa Skola. Mchana ule ule nikausiriba ukuta wote kwa udongo. Ulipokauka, nikachora tanuru refu, lile ambalo babu zetu Wafipa waliyeyushia chuma: juu inaingizwa minyororo na pingu, chini yanatoka majembe. Katibu akanuna.

"Adui yuko wapi?"

"Anaungua humo," nikamjibu, nikimwonyesha zile pingu.

Watoto niliwakusanya nikawaambia kosa ni langu. Wengine walielewa upesi, wengine la. Skola alikaa nyumbani wiki mbili kabla ya kurudi darasani, na wiki hizo bado zinaniuma mpaka leo.

Basi wewe unayeshika brashi, au kalamu, au hiyo simu yako isiyokutoka mkononi, nisikilize. Ukiona mtu anaonewa kwa rangi yake, usinyamaze. Chora, tena chora kwa uchungu. Lakini chora kile kinachomfunga mtu, usichore alivyozaliwa. Na kabla hujaionyesha kazi yako, mfikirie mtoto atakayesimama mbele yake na kujiona humo.

Nenda, mwanangu, nakupenda. Mungu ailinde mikono yako, na akujalie hasira yenye macho.