Babu Aliyeegesha Magari kwa Rumba

Enzi zetu hapa Durban, kabla simu hazijawafungia watoto ndani, raha yetu ya Jumamosi ilikuwa kwenda mtaa wa Morningside kumtazama Babu kazini. Alikuwa mlinzi wa magari nje ya maduka. Wenzake waliyaelekeza magari kwa kupunga mkono tu. Babu alicheza rumba. Alirudi kinyumenyume akizungusha kiuno, kizibao chake cha njano kikipepea, viatu vyeupe vikimeremeta hata siku ya mvua.

"Kuja, mama, kuja. Nafasi iko, hata ya tembo."

Wenye magari walicheka hadi wakasahau kufunga milango, naye akawakimbilia kuwakumbusha.

Tuliishi naye chumba kimoja, mimi na wadogo zangu wawili, chenye harufu ya fufu, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa chumvi. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki, nami niliacha shule mapema nikasuke nywele saluni. Kwa hiyo wa kukaripia nilikuwa mimi, na wa kuharibu makaripio alikuwa Babu. Aliniita mke wake, kama mababu wa kwetu Kongo wanavyotaniana na wajukuu.

"Mke wangu, leo uso iko kama polisi ya mpaka."

"Bwana mzee, osha sahani kwanza."

"Eish. Huyu mwanamke nitamurudisha kwao."

"Kwao ni hapa hapa."

Ombi lake lilikuwa moja: "Siku nitakufa, muniige. Nisiende kama mutu hana wajukuu." Kwetu, wajukuu huvaa nguo za marehemu na kumwigiza msibani ili wafiwa wacheke. Mzee asiyeigwa huonekana hakupendwa.

Amefariki mwaka huu. Gari la maiti lilipofika kwenye ua wa kanisa, wadogo zangu walikuwa wamekaa chini, wamelegea kwa kilio. Mzee mmoja akauliza, "Wajukuu wake wako wapi?" Watu wakanitazama mimi, nisiyewahi kucheza hata kwenye harusi.

Nikavaa kizibao chake, tulichokuwa tumekileta pamoja na viatu vyake. Nikasimama nyuma ya lile gari na kuanza kurudi kinyumenyume, kiuno kigumu kama ubao wa kufulia.

"Huyu atagongesha watu," akasema mama mmoja, na watu wakaangua kicheko. Mdogo wangu wa mwisho akainua uso. Akafuta machozi, akaingiza miguu katika vile viatu vyeupe vilivyompwaya, akaja ubavuni pangu akizungusha kiuno sawasawa na Babu mwenyewe. Kisha wa pili akaja. Dereva akarudisha gari polepole, akitufuata.

"Kuja, Babu, kuja," tukamwita wote watatu. "Nafasi iko."

Juzi nilipita Morningside. Kijana aliyesimama pale alipokuwa akisimama Babu aliinua kidole kimoja, macho yakiwa kwenye simu, akitazama watu wanaocheza. Gari liliingia vizuri tu. Mwenye gari akashuka, akafunga mlango, akaenda zake.