Sukari ya Mwezini

Mke wangu akisikia nimeanza kisa hiki hunyanyuka akaenda jikoni, maana anajua kinaishia wapi na mpaka leo anaona aibu kwa niaba yangu, lakini ninyi si wageni, acha niwaambie jinsi nilivyoumbuka mbele ya mji mzima wa Babati, na si kwa ulevi wala kwa mambo ya wanawake, bali kwa uhakiki wa fasihi.

Ilikuwa ile miaka ya themanini ya taabu, tunakunywa chai ya chumvi na kufulia majani ya mpapai, na mimi nilikuwa mwalimu kijana wa Kiswahili, nimetoka chuoni na kitabu kimoja cha nadharia ya fasihi nilichokisoma mpaka jalada likabanduka, nikawa natembea mjini kama vile uhakiki wote wa nchi hii umewekwa chini ya uangalizi wangu (suruali yenyewe ilikuwa na viraka matakoni, lakini hivyo mwenyewe huwa huvioni).

Sasa Mama Safari, karani wa posta, mama mtu mzima niliyekuwa nampa shikamoo kila asubuhi, alikuwa ameandika riwaya ya kisayansi. Watu wa kijiji cha Singe, jirani zetu, wanaunda chombo kwa mabaki ya trekta, wanaruka mpaka mwezini, wanaanzisha kijiji chao huko. Niliisoma nikairudia, na niseme ukweli, niliipenda mno. Kikundi chetu cha wasomaji kikaandaa mkutano Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa kanisa, mimi niihakiki, na mgeni rasmi awe Katibu wa chama wa kata, kwa sababu karatasi zilikuwa adimu na bila barua ya Katibu hakuna mchapaji ambaye angekubali hata kuupokea mswada. Kazi yangu ilikuwa kusifu tu. Lakini nikajiambia, mhakiki anayesifu tu ataonekana hakusoma, hebu nitafute kasoro, hata iwe ndogo, nionekane nina jicho. Ndipo nilipojimaliza.

Ukumbi ulijaa hadi wengine wakasimama nje madirishani. Nikaeleza kwamba katika bunilizi za kisayansi na za kifantasia mwandishi ana ruhusa ya kubuni ulimwengu wowote autakao, mradi msomaji aweze kuuamini.

"Trekta kuruka, nimeamini," nikasema. "Watu kuishi mwezini pasipo hewa, mwandishi ametueleza vizuri, nimeamini. Lakini hapa katikati mwanamke anaingia dukani, anakuta sukari, anakuta sabuni, anachagua aitakayo, na muuzaji anamwambia karibu tena. Hapo, ndugu zangu, mwandishi amepita kiasi."

Nilisema kwa nia njema kabisa, nikisubiri watu watikise vichwa kisomi. Badala yake ukumbi mzima ukaangua kicheko, akina mama wanapigana mabega, na Katibu akavua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa tena.

"Mwalimu," akasema, "unataka kutuambia kwamba kwenda mwezini ni rahisi kuliko kupata sukari?"

Mtu mwenye akili zake angesema hapana, akaketi. Mimi nikaona hilo ni swali la kinadharia.

"Kwa mantiki ya kazi hii, ndugu Katibu, ndiyo."

Tena nikapaza sauti ili na wa nje wasikie (huo ndio ulikuwa upumbavu wenyewe), nikaanza kusoma ile sehemu: dukani kuna sukari, magunia kwa magunia, na miche ya sabuni imepangwa mpaka mlangoni.

Wa nje walisikia. Tatizo ni kwamba wengi walikuwa ndiyo kwanza wanafika, habari za mwezi hawakuzikuta, walichosikia ni kwamba dukani kuna sukari. Nikaona vichwa vinatoweka dirishani kimoja kimoja, kisha mtu akanong'ona kitu mlangoni, benchi la nyuma likanyanyuka, likafuata lililo mbele yake, akina mama wanafunga watoto mgongoni huku wanatembea, na mimi nasoma tu, nikidhani nadharia imewachosha, mpaka tukabaki mimi, Mama Safari na Katibu.

"Nenda ukawarudishe," Katibu akaniambia.

Nikakimbia na mswada kwapani hadi duka la ushirika. Duka lilikuwa limefungwa, na foleni ilikuwa imeshalizunguka na kuelekea sokoni. Nia yangu ilikuwa kwenda mbele nitangaze kwamba ile sukari ni ya kubuni. Lakini dada mmoja mwenye kikapu akaniambia, "Wanafungua sasa hivi, Mwalimu, magunia yamepitishiwa mlango wa nyuma," na mwenzake akaapa ameyaona kwa macho yake, na mke wangu nyumbani alikuwa mjamzito, anatamani chai tamu mpaka analia, basi nikafikiri, huwezi kujua, labda imeletwa kweli leo. Nikaingia kwenye foleni. Nikavua na kofia ya kuwekea sukari, na aliyekuja nyuma yangu nikamwambia asinisukume.

Mzee Shabani, muuzaji wa duka, akaletwa katikati ya mgambo wawili, funguo mkononi. "Sina kitu humo ila majembe na viberiti," akasema, na watu wakajibu kwamba sukari ameificha. Miaka ile neno hilo lilitosha kumlaza mtu mahabusu kwa ulanguzi. Wakafungua. Majembe, viberiti, magunia matupu.

"Nani amesema kuna sukari?" Ilikuwa sauti ya Katibu, amefika na Mama Safari.

Watu wote wakanigeukia. Mama Safari akanitazama nilivyosimama pale na kofia yangu mkononi.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "wewe unasubiri nini hapo?"

Nikaivaa kofia. Nikapandishwa kwenye ngazi ya duka niwaeleze wananchi kwamba ile sukari ilikuwa ya mwezini. Mzee mmoja wa Sigino akauliza nani ameipeleka huko, na hakuwa anatania. Mzee Shabani aliachiwa palepale, ila kwa muda mrefu sana hakuitikia salamu yangu.

Na riwaya? Katibu aliandika barua, kwa sharti. Alisema Mwalimu ametoa hoja ya kitaalamu, duka lile haliaminiki, kwa hiyo bidhaa zitolewe. Mama Safari akazitoa, akawapanga watu wake foleni hukohuko mwezini, kitabu kikachapwa kwenye karatasi za kahawia, na baadaye mhakiki mmoja wa Dar es Salaam akakisifu kwa uhalisia wake.

Tangu siku ile nikiombwa kuhakiki hadithi za vyombo vya angani au za mazimwi, nasimama, nasema nimeipenda, naketi. Wakinibana niseme kasoro, nasema sijaiona, hata kama zimwi limeuawa mwanzoni na mwishoni linaoa.