Mashine Iliyolala Mtoni

Mimi ni mchoyo, na sijui uchoyo nimeurithi kwa nani, maana mama yangu hana. Petroli ilipopanda tena pale Garsen, kabla hatujaizoea bei ya kwanza, mimi, Wema, ndiye niliyeshika mfuko wa nyumba yetu. Kusaga mahindi kukapanda. Sukari ikapanda, kwa kuwa lori linaloileta nalo hunywa mafuta. Tukaanza kunywa chai isiyo na sukari, mama akisema amekwishaizoea. Sikumwamini.

Shamba letu liko ukingoni mwa mto, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Maji tuliyavuta kwa mashine ndogo ya petroli aliyoinunua baba kwa mavuno ya ndizi ya miaka mitatu, akafa kabla rangi yake haijachubuka. Kila jioni mtu wa boda aliibeba hadi nyumbani. Hatukuwa tukiogopa wezi, tuliogopa mto. Tana hupanda hata kama kwetu hakuna wingu. Mvua ikinyesha huko juu milimani, siku kadhaa baadaye maji yanatufikia. Mtoto wa kwetu hulijua hilo kabla hajajua kusoma.

Nauli ya boda ilipopanda, nikaamua mashine ilale shambani, imefungwa kwenye kisiki, na nauli hiyo tuinunulie petroli. Mahindi yalikuwa yanachanua. Yalihitaji kumwagiliwa mara moja tu zaidi.

Mama alikuwa na desturi ya kuchomeka kijiti pale maji yanapoishia, kila akifika shambani, na kukitazama tena kabla ya kuondoka. Jioni moja tukakikuta kimezama vidole viwili.

"Mto unakuja," akasema. "Mwite mtu wa boda."

"Vidole viwili tu, mama."

"Hata mwaka ule ulipobeba nyumba za watu, ulianza hivyo hivyo."

"Nitamwita kesho."

Mama aliifunga kamba upya kwa mikono yake, fundo juu ya fundo, kisha tukarudi kwa miguu.

Asubuhi kisiki hakikuwepo. Maji mekundu yalikuwa yakipita pale kilipokuwa, na shamba letu, lililoinuka kidogo, halikupata hata tone. Mto ulichukua mashine tu, na siku ya tatu ukashuka. Kwa mamba walioko huku, nani angezama kuitafuta? Rahisi huvunja upishi, na upishi niliovunja haukuwa wangu.

Tulibeba maji kwa ndoo, mama akiburuta goti lake bovu kwenye ule mteremko. Tuliokoa mistari minne. Mingine ilikauka imesimama. Nililia shambani kwa aibu, nikitamani anitukane, lakini yeye alisema tu nisiache ndoo juani, itapasuka.

Ile petroli niliyoinunua kwa nauli bado ipo, dumu la lita tano nyuma ya mlango wa chumba cha mama. Mtu wa boda amekuja mara mbili kutaka kuinunua, na mara zote mama amekataa. Juzi nilimuuliza anamwekea nani.

"Hiyo ni ya mashine," akasema.

Nikifagia humo nalisogeza lile dumu, kisha nalirudisha palepale.